KWA SABABU GANI WAZAZI WENGINE HAWAWAPELEKI WATOTO WAO KUCHANJWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa za Kiislamu wa Jinja na Mbale

 

 

Mwezi wa Mei mwaka 2024 wataalamu wa maradhi walichukua maji machafu ya mji wa Mbale, wakayapima, wakakuta ndani yake kirusi cha polio, yaani ule ugonjwa wa kupooza. Maji yale hayakutoka mbinguni wala mlimani Wanale; yalitoka vyooni mwa watu. Maana yake ni kuwa palikuwapo watu, wakaao mjini au wapitao, waliobeba kirusi kile matumboni mwao bila ya kujijua. Katika watu wanaoingiwa na polio si hata mmoja katika mia anayepooza. Waliobaki hula, hulala, hucheza na wenzao, na hupitisha. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo serikali ikatuma watu nyumba kwa nyumba kuwatilia matone watoto walio chini ya miaka mitano.

Kazi ya namna hii ifanywapo, haikosi milango isiyofunguliwa. Huwako baba aliyesema kwamba mtoto hayupo, ilhali mtoto analia chumbani. Na mama aliyesema arudiwe kesho. Watu hawa wote huandikwa katika daftari kwa neno moja tu: wamekataa. Neno hilo ndilo lililoleta hotuba hii, kwani limekusanya chini yake watu wa namna mbalimbali ambao sababu zao hazifanani, na dawa ya mmoja si dawa ya mwenzake. Anayemkemea kila mmoja kwa kemeo moja hatapata hata nusu yao.

Kundi la kwanza, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa, halikukataa kitu. Ni wazazi wanaotaka chanjo, na wengi wao walikwisha kuianza, kisha wakaishia njiani. Na njia yenyewe ni ndefu. Mtoto hutakiwa siku anapozaliwa, kisha wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14, kisha mwezi wa 9, kisha mwezi wa 18. Mahali ilipofika chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Uganda mwezi wa Aprili mwaka 2025, huongezeka mwezi wa 6, wa 7 na wa 8. Hizo ni safari tisa. Kwa mke wa karani akaaye hatua chache kutoka zahanati, safari tisa si kitu. Kwa mwanamke auzaye samaki Masese, kila safari ni siku moja ya biashara iliyopotea, na samaki hamngoji mtu. Kwa mama akaaye juu ya vilima vya Bugisu, mvua ikinyesha njia huwa utelezi mtupu, naye ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

Tena yako mambo ya zahanatini ambayo watu wa nje hawayajui. Chanjo ya surua huja katika chupa yenye unga mkavu. Unga huo ukishatiwa maji yake haukai zaidi ya saa sita. Baada ya hapo hutupwa. Na chupa moja ni ya watoto kumi. Basi muuguzi akiona wamekuja watoto wawili tu, huogopa kufungua chupa na kuwatupa wanane waliobaki ndani yake, akawaambia wale mama wawili warudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Kwa hesabu ya dawa, muuguzi ana haki. Lakini mama yule alitoka nyumbani alfajiri, akatoa nauli ya boda boda kwenda, na atatoa nyingine kurudi, na mkononi hana kitu. Aambiwapo Alhamisi, huenda Alhamisi ikafika, na huenda isifike. Wiki chache baadaye jina lake limo katika daftari la waliokataa! Mamlaka za afya zenyewe husema kwamba ni afadhali chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja kuliko mtoto arudishwe. Lakini kusema ni jambo moja, na muuguzi mwenye chupa mbili tu kabatini ni jambo jingine.

Kuna na aibu. Hili wanaume hawalisemi kwa sababu hawalijui. Mwanamke hutazamwa. Mtoto wake akiwa na nguo iliyochanika, au kadi yake imeliwa na panya, au amechelewa wiki tatu, husemeshwa kwa sauti mbele ya foleni nzima kana kwamba yeye ndiye mtoto. Wauguzi wengi ni watu wema wenye kazi nyingi kupita nguvu zao. Lakini neno moja kali lisemwalo asubuhi hukaa na mwanamke mwaka mzima. Mama aliyefedheheshwa kwa ajili ya mtoto wa tatu hatampeleka wa nne, na akiulizwa hatasema kwamba aliona haya. Atasema kwamba mume wake hataki.

Na wakati mwingine ni kweli mume hataki, au hakuulizwa, au aliulizwa akanyamaza. Nauli i mfukoni mwake. Neno la mwisho la nyumba ni lake. Sindano huonekana kuwa ni mambo ya wanawake, kama vile kuosha nepi, naye hajapata kukanyaga zahanati tangu alipoumwa yeye mwenyewe. Mtu mwenye nyumba mbili, moja Bugembe na moja Walukuba, hujua vizuri siku ya kulipa ada ya skuli katika nyumba zote mbili. Lakini aulizwe wiki ya kumi na nne ya mtoto wa nyumba ya pili ni lini, hataijua. Mwanamke kijana aliyeolewa juzi hawezi kutoka na mtoto mchanga akampeleka kudungwa bila ya idhini ya mtu asiyekuwapo nyumbani. Basi hungoja, na wiki hazingoji.

Kundi la pili ni la wenye khofu, na khofu hii si ya kuchekwa. Mtoto alitoka nyumbani akicheka. Amerudi, na usiku mwili ukawaka moto, akalia mpaka alfajiri, paja likavimba. Au alidungwa begani siku ya kuzaliwa, na baada ya wiki chache pakatoka kidonda chenye usaha. Mama asiyeambiwa kitu atasema nini, ila kwamba mwanawe ametiwa sumu? Ilhali homa ya siku moja au mbili ni jambo la kawaida baada ya chanjo zile za wiki ya sita na zinazofuata. Ni mwili unaojifunza kupigana. Na kile kidonda kidogo cha begani ni desturi ya chanjo ya kifua kikuu: hupona chenyewe na kuacha kovu, ambalo wengi waliomo humu ndani wanalo. Maneno mawili ya muuguzi kabla ya kudunga yangaliondoa khofu yote. Lakini yakija baada ya homa, hayasikilizwi tena.

Hata neno lenyewe lina historia. Kuchanja asili yake ni kukata, kama vile kuchanja kuni. Waganga huchanja watu chale wakatia dawa ndani yake. Na chanjo ya ndui ya zamani ilikuwa ni kuikwaruza ngozi vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa zamani akisikia kuchanja, husikia wembe. Siku hizi matone ya polio hudondoshwa mdomoni mwa mtoto, na wala hakuna kinachokatwa, na bado jina ni lile lile. Waislamu wanaijua desturi ya tahniki, ya kumtia mtoto mchanga kaakaani tende iliyolainishwa, kama alivyofanya Mtume (s.a.w.). Hakuna mzazi anayeogopa tahniki. Mwenye kueleza matone kwa mama mwenye khofu angeweza kuanzia hapo, asianzie kwenye wembe.

Kundi la tatu ni la wale waliosikia. Na walichosikia zaidi ni kwamba chanjo ni dawa ya kuwafanya Waafrika, na khasa Waislamu, wasizae. Uvumi huu husafiri kuliko malori ya Malaba. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walitoa tuhuma kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa dawa ya kuzuia uzazi. Serikali ya Kenya, pamoja na Shirika la Afya la Ulimwengu na UNICEF, wakakanusha. Kukanusha hakusafiri kwa mwendo ule wa tuhuma. Basi yatazamwe mambo yaliyo wazi kwa kila mtu. Mpango wa chanjo kwa watoto wote wa Uganda ulianza mwaka 1983. Wasichana waliochanjwa miaka ile ndio nyanya wa leo. Hesabu ya watu wa Uganda mwaka 1991 ilikuwa milioni 16.7, mwaka 2002 ikawa milioni 24.2, mwaka 2014 milioni 34.6, na mwaka 2024 milioni 45.9. Ikiwa hiyo ni dawa ya kuzuia uzazi, basi aliyeitengeneza ametupa fedha zake.

Lakini haitoshi kumshinda mtu kwa hesabu, maana uvumi una mizizi, na mizizi mingine imo katika ardhi ya kweli. Mwanzo wa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliingia pwani za Busoga na Buganda, ukaua watu zaidi ya laki mbili. Serikali ya Kiingereza ikawahamisha kwa amri waliobaki kandokando ya ziwa, wakaacha migomba yao na makaburi ya wazee wao. Katika miaka ya 1906 na 1907 daktari mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, alifanya kambi katika visiwa vya Ssese, akiwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho. Hayo yametokea ziwa hili hili ambalo Jinja imekaa ukingoni mwake.

Yako na ya karibu zaidi. Mwaka 1996 kampuni ya dawa ya Pfizer ya Marekani ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, wakati wa maradhi ya uti wa mgongo, na familia zikalalamika kwamba hazikuombwa ridhaa kama inavyostahili. Mwaka 2011 mashushushu wa Marekani walitumia kampeni ya chanjo ya uongo katika mji wa Abbottabad, Pakistani, walipokuwa wakimtafuta Osama bin Laden. Na mwaka 2014 serikali ya Marekani ikaahidi kwamba mashushushu wake hawatatumia tena kazi ya chanjo kwa mambo yao. Aliyefanya jambo lile aliwadhulumu watoto wasiojua Marekani iko upande gani. Mzazi anayekumbuka mambo haya si mjinga, na anayemwita mjinga amekwisha kumpoteza.

Ila lazima atazame pia yaliyofuata. Watu wa Kano, kwa uchungu wao, waliisimamisha chanjo ya polio mwaka 2003, karibu mwaka mzima. Wakubwa wao wakaikubali tena mwaka 2004, baada ya kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika muda ule polio ilitoka kaskazini mwa Nigeria ikaenda nchi nyingi za Afrika, ikavuka bahari, na mwaka 2005 ikafika Yemeni na Indonesia yenyewe, ikapoozesha watoto kwa mamia. Nchi iliyowapa watu wa Kano chanjo wanayoiamini ndiyo iliyopelekewa ugonjwa wao. Kampuni ya dawa haikupooza mguu. Mashushushu hawakupooza mguu.

Sasa lije swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya sala, nalo ndilo zito kuliko yote: Je, si kweli kwamba kirusi kilichopatikana Mbale mwaka 2024 kimetokana na chanjo yenyewe? Mwenye kulificha jibu akidhani anailinda chanjo, anaiharibu, kwa sababu siku mzazi atakapoambiwa na mtu mwingine hataamini tena lolote. Jibu ni kwamba asili yake ni huko.

Mambo yako hivi. Matone ya polio yana kirusi kilicho hai lakini kilichodhoofishwa. Mtoto akipewa, kirusi hicho dhaifu hukaa matumboni mwake wiki kadhaa na kuufundisha mwili wake, kisha hutoka chooni. Wenzake wa jirani huweza kukipata, na mara nyingi huwa ni kheri, maana nao hujifunza kwacho. Lakini pakiwa na mtaa ambao watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi hicho hakikutani na ukuta. Hutoka kwa mtoto huyu kikaenda kwa yule, mwezi baada ya mwezi, mwaka na zaidi. Na katika safari hiyo ndefu hubadilika kidogo kidogo mpaka kikarudisha nguvu zake za zamani, kikaweza kupoozesha. Hicho ndicho kilichokutwa Mbale, cha aina ya pili, na mwaka 2021 cha aina hiyo hiyo kilikutwa katika maji machafu ya Kampala. Chakula chake ni watoto wasiochanjwa. Kikiwekwa mahali ambapo watoto wote wamechanjwa, hufa njiani.

Na kwa nini aina ya pili? Kwa kuwa kirusi cha porini cha aina hiyo kilitangazwa mwaka 2015 kuwa kimekwisha duniani, na mwezi wa Aprili mwaka 2016 nchi zote zikaitoa aina ya pili katika matone ya kawaida. Waliozaliwa tangu hapo hulindwa na aina hiyo kwa sindano, ambayo huwakinga wasipooze, lakini haizuii sana kirusi kukaa matumboni. Ndiyo maana palipotokea kirusi hicho wataalamu walileta matone mapya, yaliyotengenezwa ili yasigeuke upesi kama yale ya zamani, na ambayo yalianza kutumika duniani mwaka 2021. Baba aliyefunga mlango Oktoba 2024 kwa sababu kirusi kimetokana na chanjo, alifunga mlango mbele ya kitu kilichokuja kukizuia kirusi hicho hicho.

Wala asidhani mtu kwamba polio ya porini haikupata kufika. Uganda ilithibitishwa mwaka 2006 kuwa imesalimika nayo. Na mwaka 2010 ikaonekana Bugiri, katika barabara ya Jinja kwenda Tororo. Afrika nzima ilitangazwa mwaka 2020 kuwa haina tena polio ya porini. Na miaka miwili haikutimia ila imeonekana Malawi, imetoka Asia.

Limebaki kundi linalotaja dini. Upande huu wa mashariki kipo kikundi ambacho watu hukiita 666, ambacho hukataa chanjo na hospitali, na hata kuhesabiwa na serikali. Hao wana yao. Ama Waislamu wanaotaja dini, husema mambo mawili.

La kwanza ni kadari: aliyeandikiwa kuugua ataugua. Seyyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata khabari kwamba kuna tauni, alitaka shauri la masahaba kisha akarudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Mwenye imani kubwa kuliko Umar na asimame. Mwenzake anayemtegemea Mungu kwa surua ya mwanawe, mbona mlango wa duka lake ana makufuli mawili?

La pili ni uhalali, na hapa mzazi ana haki ya kuuliza, tena ni wajibu wake. Baadhi ya chanjo hutumia jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Na katika kutengeneza matone ya polio hutumika kimeng'enya ambacho huweza kutoka huko huko, kisha husafishwa. Wanavyuoni hawakulala. Mwaka 1995 walikutana Kuwait pamoja na matabibu, wakaeleza hukumu ya kitu kilichobadilika kikawa kitu kingine, ambayo mafakihi huiita istihala, na ambayo kwayo siki iliyotokana na pombe imekuwa halali. Mwaka 2003 Baraza la Fatwa la Ulaya lilitazama khasa matone ya polio, likayaruhusu. Na mwaka 2014 Al-Azhar, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu wakaungana kuunda kundi la ushauri kwa ajili ya kuimaliza polio. Mzazi aliyekuwa akingoja fatwa, basi fatwa ilikwisha kuja. Pengine shekhe wake ndiye hakumfikishia.

Tena mahujaji wa Jinja na Mbale wanajua kwamba hapana anayeingia Makka kwa Hija bila ya chanjo ya uti wa mgongo, na kwamba atokaye Uganda hutakiwa pia cheti cha homa ya manjano. Hakuna Haji aliyerudi nyumbani akasema kwamba ihramu yake iliharibika kwa sindano. Mkono uliodungwa kwa ajili ya Makka ni wa mtu yule yule anayeuzuia mguu wa mtoto.

Na elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Bakar ar-Razi, aliyekufa mwaka 925, ndiye aliyeandika kitabu cha kupambanua ndui na surua. Desturi ya kumwambukiza mtu ndui kidogo ili imkinge na kubwa ilikuwa ikifanywa na Waturuki wa Istanbul. Na mke wa balozi wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliiona huko, akamfanyia mwanawe mwaka 1718, kisha akaipeleka kwao, ambako wengi waliikataa kwa kuwa imetoka kwa Waislamu!

Ndui hiyo ilikwisha Afrika Mashariki, na mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Mwislamu wa pwani hii. Jina lake Ali Maow Maalin, wa mji wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali. Mwezi wa Oktoba mwaka 1977 lilipita gari lenye watoto wawili wagonjwa, likitafuta njia. Akapanda kulionyesha, safari ya dakika chache, akaambukizwa. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa karibu naye kuliko chumvi ya jikoni mwake; lakini alikuwa ameikwepa. Kwa nini? Hakuwa na fatwa, wala hakuwa na khabari za Marekani. Aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangazwa kuwa hauna ndui tena. Baadaye Ali aliingia katika kazi ya kuimaliza polio, akizunguka vijijini kwa wazazi wenye khofu na kuwasimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Alikufa mwezi wa Julai mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo, wakati polio ilipokuwa imerudi Somalia. Wazazi walimsikiliza kwa kuwa naye aliwahi kuwa kama wao.

Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 imekwisha kumfanya mzazi asiyechanja kuwa mkosaji. Huenda ikafaa kwa mkaidi. Kwa mama mwenye aibu, khofu ya askari ni sababu nyingine ya kufunga mlango. Kazi iliyobaki ni ya watu wanaojuana, nayo si mpya katika Busoga. Tangu mwaka 1992 Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu wa Uganda iliwafundisha maimamu wa Mpigi, kisha wa Iganga, wakaenda majumbani kuzungumza khabari za ukimwi, wakati ambapo neno hilo halikutajika mbele ya wakwe. Aliyeweza kusema hayo ataweza kusema surua.

Na yako mambo ambayo msikiti unaweza kuyafanya pasipo kungoja fedha ya mtu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani hukosa chanjo mbili za siku ya kuzaliwa, ya kifua kikuu na ya polio, na hakuna anayejua. Lakini siku ya saba huja akika; watu hukusanyika, mtoto hutajwa jina, na shekhe yupo. Hapo ndipo pa kuuliza iwapo ana kadi, na ikiwa hana, ni nani katika waliokula nyama ile atakayempa mama nauli. Waumini wa mtaa mmoja wakipatana siku moja na zahanati yao, wakaleta watoto kumi wa miezi tisa kwa pamoja, muuguzi hufungua chupa bila ya kusita, wala hakuna anayerudishwa. Mwanamke wa shekhe, ambaye wanawake humwambia wasiyowaambia wanaume, aijue orodha ya wiki na miezi. Na baba akiweza aende mwenyewe, amebeba mtoto, asimame katika foleni ile: atajua ni kwa sababu gani mkewe alirudi Alhamisi iliyopita akiwa kimya.

Safari inayosahauliwa kuliko zote ni ile ya mwezi wa 18, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na mama amekwisha kusahau kadi ilipo. Pengine ana mimba nyingine. Siku hiyo moja ina chanjo ya pili ya surua, na ya nne ya malaria. Waliozaliwa wakati wa Mfungo Sita mwaka jana watatimiza umri huo karibu na Mfungo Mosi.